Ukuta wa Kichochoroni

Fundi Jaku Jecha alikuwa na miaka hamsini na nane alipokubali kuipandisha ghorofa nyumba ya Bi Mwanakheir, na mpaka siku hiyo hapakuwa na mtu Mjini aliyeweza kusema kwamba Jaku alijenga kitu kikamwaibisha. Kwao ni Jambiani, kusini mwa Unguja. Baba yake alikuwa mchoma chokaa, na yeye alijua kulichagua jiwe la kuchoma na jiwe la kujengea kabla hajahitimu chuo cha Kurani. Alikuja mjini kijana, akaoa, akajenga kijumba chake cha udongo Jang'ombe, na kwa zaidi ya miaka thelathini kila asubuhi alitoka huko Ng'ambo ya mji na mwiko wake kikapuni kwenda kuyaponya majumba ya watu wengine.

Nyumba ya Bi Mwanakheir ilikuwa Kiponda, pale njia inapojikunja. Upande mmoja ilitazama njia, na upande wa pili kichochoro ambacho watu wawili hawapishani ila mmoja ageuke ubavu. Ilikuwa na chini na juu tu. Aliijenga babu yake marehemu mumewe: kuta za mawe na chokaa zenye unene wa dhiraa moja na nusu, vyumba virefu vyembamba kwa kuwa upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti, vidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, safu kwa safu ukutani, na roshani ya mbao za kuchongwa juu ya mlango. Lakini tangu mume afariki haikuguswa. Boriti za paani zilikuwa zimeliwa na mchwa, lipu imevimba, na mvua ikinyesha Bi Mwanakheir akipanga masufuria na mabakuli sakafuni kama mtu aliyefungua duka la vyombo.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Msabah, karani wa bandarini, kijana mwenye adabu na haraka. Msabah alikuwa ameshaposa. Mchumba wake, Shemsa, alikuwa binti wa watu wa Bububu, amesoma, na wazee wake walisema waziwazi kwamba mtoto wao hataingia nyumba inayovuja. Bi Mwanakheir naye alisema waziwazi kwamba mwanawe hatahama. Basi mama na mwana wakakubaliana nyumba itengenezwe, na juu yake iongezwe ghorofa moja ya maharusi, yenye chumba chake cha kuogea.

Hawakukubaliana namna ya kujenga. Msabah alileta fundi mmoja aliyekuwa amefanya kazi Mombasa, mtu wa saruji na nondo. Yule fundi aliizunguka nyumba kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, akasema, "Hii ya kuvunja. Nipe miezi sita nikupe nyumba mpya, vyumba vipana, bomba mpaka juu." Bi Mwanakheir alilia siku nzima. Kesho yake akamwita Jaku.

Jaku alichukua siku mbili. Alipanda, akashuka, akatundika timazi kila pembe kupima unyoofu, akagonga kila ukuta kwa kifundo cha kidole akisikiliza. Siku ya pili alasiri akatoka barazani, na pale barazani walikuwapo majirani wanakunywa kahawa, na Msabah yupo, na yule fundi wa Mombasa pia yupo.

"Nyumba hii itabeba ghorofa nyengine," Jaku akasema, "na uso wake hautapotea hata unywele mmoja."

"Una hakika, Fundi?" Msabah akauliza.

"Ukuta wa namna hii nnaujua kama nnavyomjua mke wangu."

Watu wakacheka. Yule fundi wa Mombasa akaweka kikombe chini, akasema, "Haya. Tutatazama," akaenda zake. Maneno ya Jaku yalifika mpaka Darajani kabla ya magharibi.

Kazi ilianza baada ya vuli, mwaka wa hamsini na tano unaisha. Chokaa ililetwa kutoka Jambiani ikalowekwa shimoni uani, maana Jaku hakukubali chokaa changa. Roshani aliishusha ubao mmoja mmoja, akaiandika kila mbao nambari kwa mkaa, akabadilisha zile zilizooza tu na nyengine akazirudisha mahali pake. Vidaka vilivyobomoka alivichonga upya kwa kisu, akivifuatisha vile vilivyo vizima. Alibadilisha boriti zote za paani. Mara nyingi Bi Mwanakheir alimletea mkeka akae apumzike, na yeye akakataa. Hakuna kazi aliyoipenda kama ile katika maisha yake.

Mwezi wa Rajabu kuta za ghorofa mpya zilikuwa zimeshafika kifuani. Siku moja ya Ijumaa aliwaruhusu vibarua wake wawili waende kuoga kwa ajili ya sala, yeye akabaki kidogo kichochoroni akichimba mfereji wa kutolea maji ya chumba cha kuogea. Alipiga mtaimbo chini ya ukuta. Mtaimbo haukugonga jiwe. Ulizama, mpaka mkono wake ukagusa udongo.

Akauchomoa, akapiga mahali pengine karibu. Ukazama tena. Akapiga magoti akafukua kwa mikono. Alitoa vigae vya vyungu, mifupa ya samaki, vifuu, tope jeusi lenye harufu, na chini ya tope lile akauona ukingo wa mawe yaliyopangwa kwa duara. Kilikuwa kisima cha zamani. Nusu yake ilikuwa kichochoroni, na nusu ilikuwa chini ya nyumba. Aliyejenga hakukijaza kwa mawe. Alikiacha kijae taka za watu, kisha akalaza gogo la mnazi juu ya mdomo wake, akaupitisha msingi juu ya gogo.

Jaku alikaa chini kichochoroni, miguu imo shimoni. Msikitini walikuwa wanaadhini.

Ukuta ule ulikuwa umesimama miaka themanini na zaidi kwa mzigo uliokuwa nao. Sasa yeye alikuwa ameshaongeza mzigo mpaka kifuani, na ulibaki nusu ya kuta, na boriti, na sakafu ya paa. Je, utabeba? Hakujua. Kwa mara ya kwanza hakujua.

Akifikiri kusema, alimwona kwa akili yake Msabah akitoka barazani moja kwa moja kwenda kumwita yule fundi wa Mombasa. Aliiona nyumba ikishushwa kwa sululu, vidaka alivyovichonga vikiangukia uani. Alimfikiria Bi Mwanakheir. Na, kwa kweli, alijifikiria na yeye pia, na maneno aliyoyasema mbele za watu.

Akachukua mawe na chokaa, akashindilia kisimani kila mahali mkono wake ulipoweza kufika, akafukia juu, akatandaza udongo. Mfereji akauanza upya hatua tatu mbele. Hakuwahi sala ya Ijumaa.

Vibarua waliporudi mmoja akauliza, "Mbona mfereji umehama, Fundi?"

"Pale pana jiwe kubwa," Jaku akajibu.

Wakamaliza. Sakafu ya paa ilipigwa siku tatu na wanawake na wanaume wa mtaani, kwa nyimbo na vigelegele, mpaka chokaa ikashika ikawa kama jiwe. Katikati ya Shaabani ikawa harusi. Watu waliopita njiani walisimama wakainua vichwa wakabishana, wapi nyumba ya zamani inaishia na mpya inaanza, na wengi walikosea. Bi Mwanakheir alipandishwa juu ameshikwa mikono miwili. Akapitisha kiganja chake kwenye vidaka, kimoja baada ya kimoja.

"Jaku," akasema, "ungenambia hivi kavijenga babu yake marehemu, ningekubali."

"Ahsante, Bi," Jaku akasema, akaomba ruhusa ashuke.

Ramadhani iliingia pamoja na masika. Mvua ya mwaka ule ilishuka bila ya kupumzika, na kile kichochoro kikawa mto. Siku ya tano ya mfungo Shemsa alimtuma mtu kumwita fundi. Jaku akaenda. Shemsa alikuwa mwanamke mwenye ucheshi, na ndani ya wiki chache alizokaa pale alikuwa ameshamzoea.

"Shikamoo, Mzee Jaku."

"Marahaba, mwanangu. Kumetokea nini?"

"Mlango wangu unanikataa. Tangu juzi haufungi. Msabah anasema mbao imevimba kwa mvua."

Jaku akautazama mlango. Mbao haikuwa imevimba. Fremu ndiyo iliyokuwa imepinda, kwa upana wa punje ya mchele. Akatoa randa akaupunguza ubao, mlango ukafunga, Shemsa akamshukuru. Kisha akamwambia anataka kutazama kama maji yanaingia popote, akasogeza kabati lililokuwa limeegemezwa ukuta wa kichochoroni. Nyuma ya kabati palikuwa na ufa. Ulianzia juu chini ya boriti, ukashuka kwa mshazari mpaka ukapotea sakafuni, mwembamba kama uzi.

"Na huo ufa?" Shemsa akauliza.

"Lipu mpya hukauka," Jaku akasema. "Ntakuja kuuziba."

Siku ya pili alikuja na kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, urefu wa kidole. Akakigandisha kwa chokaa juu ya ufa, upande huu na upande huu. Baba yake ndiye aliyemfundisha: ukuta ukitulia, kioo hukaa, ukuta ukitembea, kioo hupasuka. Akarudisha kabati. Siku ya nne akaja akakuta kioo kimepasuka katikati. Akaweka chengine. Hicho hakikumaliza siku tatu.

Alirudi Jang'ombe adhuhuri, amelowa mwili mzima. Mkewe Mashavu alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi ya futari. Alimtazama mumewe akivua kanzu na kuikamua mlangoni, akamtazama akikaa kitako juu ya kitanda cha kamba bila ya kutafuta nguo kavu.

"Baba Wanu, una nini?"

"Sina kitu."

"Wiki nzima daku huli. Unapakata sahani unairudisha. Usinambie huna kitu."

Wanu alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa Makunduchi. Jaku akamweleza mkewe kila kitu, tangu mtaimbo ulipozama mpaka kioo cha pili. Alisema kwa sauti ya chini, macho yake chini, na Mashavu aliacha kukuna.

"Na yule mwari wa watu analala juu ya kisima," Mashavu akasema.

"Huenda ukuta usitembee mbali. Huenda ukatulia masika yakisha."

"Huenda?"

"Nikisema, nimekwisha, Mashavu. Na nyumba imekwisha."

"Na usiposema?" Mashavu akaondoka juu ya mbuzi, akaja akasimama mbele yake, mikono yake myeupe kwa nazi. "Ingekuwa Wanu ndiye analala pale, ungekuwa umekaa hapa na nguo zilizolowa?"

Jaku alivaa kanzu ile ile ya maji akatoka.

Aliwakuta baada ya alasiri. Bi Mwanakheir alikuwa ukumbini kwenye mkeka na msahafu wake, Msabah amerudi kutoka kazini, Shemsa yuko jikoni lakini mlango uko wazi. Jaku aliamkia, akaitikiwa, akakataa kukaa.

"Nimekuja kukwambieni neno," akasema, "na nnaomba mnisikilize mpaka mwisho."

Wakamsikiliza.

"Ulijua," Msabah akasema.

"Nlijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Rajabu."

"Kabla ya harusi yangu."

"Kabla ya harusi yako, bwana."

Msabah aliinua mkono. Jaku hakurudi nyuma. Mkono ukabaki juu kidogo, ukashuka. "Mshukuru Mungu nimefunga," Msabah akasema. Shemsa alikuwa ametoka jikoni, amesimama mlangoni na upawa mkononi, anamtazama Jaku kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi.

Siku ya pili Msabah alimleta Mgoa mmoja, rafiki yake, aliyekuwa na kazi ya kuchora ramani za majumba. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani. Alipanda juu, akautazama ufa, akapima kwa rula ndogo, akashuka kichochoroni na mwavuli akautazama ukuta kwa nje.

"Nyufa hizi ni za kawaida," akasema. "Chokaa mbichi hukaa hivi mwaka wa mwanzo. Mimi nisingevunja. Ngojeni masika yaishe, kisha mtazame tena."

"Masika yakisha," Jaku akasema, "yatakuwa yameshafanya yatakayo."

"Wewe ulisema itabeba!" Msabah akamgeukia. "Ulisema mbele za watu! Leo anakuja mtu aliyesoma anasema imebeba, wewe unasema haikubeba. Tukuamini lini?"

Bi Mwanakheir akaita kutoka ukumbini.

"Jaku."

"Naam, Bi."

"Njoo hapa. Itaanguka?"

"Sijui, Bi. Nnajua inatembea. Inaweza ikafika mahali ikasimama. Inaweza isisimame."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui."

"Basi kwa nini nivunje?"

"Kwa sababu mimi nisingemlaza binti yangu mule."

Bi Mwanakheir aliufunga msahafu, akaubusu, akauweka juu ya rehali. Nyumba ilikuwa yake. Mumewe aliiandika kwa jina lake, na kila mtu pale alijua kwamba neno litakuwa lake.

"Msabah," akasema, "mchukue mkeo mwende Bububu kwa wazee wake. Leo. Msifuturu hapa."

"Mama, tukitoka hapa kwa namna hii, haturudi. Wazee wake hawatakubali tena."

"Nimesikia."

"Mama, mtu huyu alitudanganya mara moja. Huoni kwamba huenda—"

"Nimesikia, mwanangu. Nenda kafunge vitu vyako." Kisha, bila ya kumtazama Jaku: "Na wewe kaishushe. Uanze kesho."

Jaku aliishusha. Ilimchukua Ramadhani yote iliyobaki na siku nyingi za mwezi uliofuata, Mfunguo Mosi. Hakuweza kuvunja kama watu wanavyovunja, maana kishindo kingeutikisa ukuta. Jiwe moja moja alilitoa kwa mtaimbo na mikono, akaliteremsha uani kwa kamba na kikapu. Aliifumua ile sakafu iliyopigwa kwa vigelegele. Alivivunja vidaka. Vibarua wake walikuja wiki ya kwanza, kisha mmoja akaacha, na yule mwengine alikuja siku akipenda. Ujira hakutaka, na Bi Mwanakheir hakumlazimisha. Alifunga akifanya kazi mvuani, na yalipofika magharibi alifuturu kwa tende alizotoka nazo nyumbani, amekaa barazani peke yake, kisha akaenda Jang'ombe kwa miguu.

Njia ya Kiponda watu hawanyamazi. Walimwita Fundi Panda-Shuka. Siku moja alikuja yule fundi wa Mombasa, akasimama chini, amekunja mikono, akatazama kazi kwa muda mrefu bila ya kusema kitu, akaondoka. Yule ndiye aliyemuuma kuliko wote.

Jiwe la mwisho lilipoteremka, sehemu ya ufa iliyokuwa imeshuka mpaka ukuta wa zamani ilikuwa imesimama, haizidi. Hapo Jaku akafukua kisima, safari hii wazi, mchana, na akamtumia Msabah salamu aje aone. Msabah alikuja kutoka kazini na viatu vyake vya ngozi, akaruka madimbwi ya kichochoroni. Jaku alikuwa ndani ya shimo mpaka kiunoni. Akamwonyesha gogo la mnazi: limeoza upande wa chini, upande wa juu bado zima. Akamwonyesha jiwe la msingi lililokuwa juu yake: limeteleza kutoka mahali pake kwa upana wa kidole kimoja.

Msabah aliinama akatazama.

"Ni hili tu?" akauliza.

"Ni hili."

"Kidole kimoja."

"Kidole kimoja, bwana."

Msabah akasimama akaipangusa suruali yake magotini, ingawa haikuwa na udongo. Akaondoka bila ya kuaga.

Jaku alilikata lile gogo akalitoa vipande, akakijaza kisima mawe na chokaa, tabaka juu ya tabaka, kila tabaka akiliacha likauke. Akarudisha paa mahali palipokuwa na paa zamani. Akaziba ufa. Kwa nje, mtu asingejua kwamba juu ya nyumba ile paliwahi kuwa na watu. Ilikuwa na chini na juu, kama alivyoijenga yule babu wa marehemu, haivuji, roshani imesimama sawa, na wageni waliopita walisimama kuitazama. Kuta hazikuanguka mwaka ule wala mwaka uliofuata. Kadiri zilivyosimama, zilimshuhudia Jaku kuwa alikuwa mwoga, au mwongo, au yote mawili. Hivyo ndivyo watu walivyosema. Na yeye mwenyewe, mara nyengine, akilala chali Jang'ombe, alikuwa hana cha kuwajibu. Kidole kimoja. Huenda kingekuwa kimoja tu milele.

Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, alikwenda Kiponda kumpa mkono Bi Mwanakheir. Alimkuta peke yake na mtumishi. Nyumba ilikuwa safi, baridi, kimya. Bi Mwanakheir alimkaribisha mkekani, akamtilia kahawa kwa mkono wake, akamwambia habari: Shemsa ana mimba ya mwezi wa pili, Alhamdulillahi. Msabah amepata kiwanja Bububu karibu na wakwe zake, anajenga. Anajengewa na yule fundi wa Mombasa. Huja kumtazama mama yake Ijumaa, hukaa kidogo, huondoka kuwahi gari.

"Nafurahi, Bi," Jaku akasema. "Na nyumba, je? Paa?"

"Paa halina neno." Akazungusha kikombe chake kisahanini. "Nataka nikuulize, Jaku. Siku ile ulipokiona kisima, ungelikuja ukanambia. Ulifikiri ningefanya nini?"

"Bwana Msabah angeivunja nyumba."

"Angeivunja."

"Na wewe ungeumia, Bi. Niliogopa hilo. Wallahi, yangu mwenyewe nliyaogopa, sikatai, lakini na hilo pia."

"Ningeumia," Bi Mwanakheir akasema. "Ningekwenda kukaa kwa ndugu yangu hapo Malindi, nikalia miezi sita. Kisha ningerudi nyumba ya simenti, mbaya, ina joto, sijui pa kuweka vyombo vyangu. Na mwanangu angekuwa juu yangu nasikia nyayo zake. Na mwakani mjukuu wangu angekuwa anatambaa juu ya mkeka huu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu watu wa kupikiwa. "Hukunipa nichague. Ulinichagulia mawe."

Jaku alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. Alitaka kusema kwamba alidhani mawe ndiyo Bi aliyoyataka, kwamba Bi alilia siku nzima kwa ajili ya nyumba, kwamba mtaa mzima ulisikia. Aliona kwamba yote hayo Bi Mwanakheir anayajua.

"Nisamehe, Bi."

"Nshakusamehe. Siku ile ile uliposema nlikusamehe, maana ulikuja mwenyewe, hakuna aliyekushika. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Alikunywa. Akaletewa na sahani ya biriani ya sikukuu, akala, kwa kuwa kukataa kungekuwa ni kuongeza kosa jengine. Akaaga.

Njiani, karibu na Darajani, alikutana na Msabah amebeba mfuko wa vitu vya sikukuu, anaelekea kwa mama yake. Jaku alimtolea salamu. Msabah aliitikia, kwa sababu salamu lazima iitikiwe, lakini hakusimama.

Mjini hakupata tena kazi ya maana. Waliomwita walimwita kupaka chokaa vyooni na kuziba mashimo ya panya. Mwaka uliofuata yeye na Mashavu walifunga kijumba chao Jang'ombe wakarudi Jambiani, na Jaku akaingia katika kazi ya baba yake, kupanga tanuu la mawe na magogo ya minazi, kuchoma, kungoja, kupepeta. Chokaa yake ilikuwa nzuri, na mafundi walitoka mbali kuja kuinunua. Kijana akija na kujisifu kwamba anajenga ghorofa, Jaku alimuuliza kwanza kama ameshachimba chini, na amechimba kiasi gani, na ameona nini, mpaka kijana akachoka. Alipoulizwa yeye kwa nini kaacha kujenga, alisema magoti yamechoka. Mashavu alikuwa akimsikia, naye hakuwahi kumsahihisha.